Hawakusema Nje, Walisema Jikoni

Milembe, vipimo vyako havikukosea. Niliyekosea ni mimi. Wale akina mama kumi na wanne wa mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, hawakusema kwamba wanachomea dhahabu nje, mbali na nyumba. Walisema wanachomea jikoni. Wewe uliandika "nje" kwa sababu mimi, mkalimani wako na mama yako mzazi, ndivyo nilivyokuambia, na nilikuwa najua ninachofanya.

Haya, limetoka. Sasa naweza kukusalimu. Hujambo, ng'wanone, mwanangu? Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, mezani kwako, katikati ya makaratasi ambayo siku zote umenikataza kuyagusa. Umekwenda Isaka kumuaga mjomba wako, umesema utarudi kabla jua halijazama. Mjomba wako namjua, hakuachii mpaka ule, na akishakulisha anaanza hadithi za reli. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Genge la mchele nimelifunga. Anayetaka mchele leo hapa Nyasubi aende kwa jirani akauziwe chenga.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mdomo wangu unaujua, umezoea kusifia. Ukipewa jambo la kujishusha unageuka, unaanza kusifia kingine. Kalamu angalau haina pa kukimbilia.

Tangu urudi nyumbani ni wiki tatu. Nimekuona unatandaza karatasi sakafuni na kuziruka kama mtu anayevuka majaruba. Nimekuona unapigia simu maabara, unauliza kwa sauti ya upole ile unayoitumia ukikaribia kulia, kama wana uhakika chupa hazikuchanganywa. Watahini wa tasnifu yako walikuuliza swali moja tu. Ulinisomea barua yao mwenyewe, Jumapili ile tumetoka misani: kama wanawake hawa wote wanachomea nje, imekuwaje udongo wa majikoni mwao na nywele zao vikutwe na zebaki nyingi namna hiyo? Eleza, au uondoe. Muda unaisha mwisho wa mwezi ujao.

Ulipomaliza kusoma ukaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" Nikainuka nikasema maharage yanaungua. Maharage yenyewe hayakuwa hata jikoni.

Halafu jana, tunakula, ukasema, "Nimeamua. Nafuta sura ya vipimo. Nabaki na maneno ya akina mama, maana wale niliwaona kwa macho yangu na kuwasikia kwa masikio yangu." Mimi nikameza tonge nikasema, "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye msomi." Nimesema maneno mengi ya ovyo katika maisha yangu, lakini hiyo "sawa" ndiyo iliyonikaa kooni mpaka sasa. Jumatatu utakaa mbele ya msimamizi wako utupe kitu cha kweli ili ubakize cha uongo, na cha uongo nilikupa mimi. Miaka sita ya kusoma. Siwezi kukuacha upande basi la kurudi chuoni hivyo.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alinisimamisha nisome kwa sauti. Nikasoma kwa lafudhi ya nyumbani. Darasa zima lilicheka, pamoja na wale waliokuwa na lafudhi ile ile, na hao ndio waliocheka zaidi. Siku ile niliapa kwamba nikipata mtoto hatachekwa. Ulipoanza kutamka, nikakifungia Kisukuma nje ya mlango. Anayeingia kwangu aongee Kiswahili, na anayeshindwa anyamaze. Wanawake wenzangu walinishangaa, mimi nikatamba. Nilisema, mwanangu hata ukimfinya atalia kwa Kiswahili sanifu.

Bibi yako alikuja kukaa nasi mwezi mmoja. Alikuwa akikuambia jambo, wewe unanigeukia mimi nikutafsirie. Na nisikufiche, hata wakati ule nilikuwa napunguza na kuongeza. Akisema umekonda, nakuambia bibi anasema umependeza. Akiuliza kwa nini mtoto huyu hajui kusalimia, nakuambia bibi anauliza umekuwa wa ngapi darasani. Wewe unafurahi, unajibu wa kwanza, namwambia bibi yako umeomba radhi. Niliona nawapatanisha. Aliondoka kabla mwezi haujaisha. Mlangoni akaniambia, "Umemnyima mtoto masikio." Nikamcheka moyoni. Nilisema huyu mzee hajui dunia inakokwenda.

Kwa hiyo ulipokuja na utafiti wako, ukasema unahitaji mtu wa kukusaidia Kisukuma kwa wanawake wa kule nje ya Katoro, aliyesababisha uhitaji huo ni mimi. Tena aliyekimbilia kuujaza ni mimi. Ulitaka kumchukua mwalimu yule wa shule ya msingi, Kabula. Nikakuambia ya nini kumsumbua mtu baki, mimi niliosha mchanga pale miaka minne, wananijua. Hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilikuwa hatari.

Unaikumbuka siku yenyewe. Nilivaa kile kitenge cha njano na kilemba chake, mtu anakwenda mwaloni kwenye matope amevaa kama anakwenda kusimamia harusi. Karasha za kusaga mawe zinanguruma, wanawake wameinamia mabeseni, mimi nikapaza sauti kuzishinda mashine: huyu ndiye mwanangu, anasoma darasa ambalo baada yake hakuna jingine. Mama Kulwa, mkubwa wao, akajifuta mikono akasema wabeja, asante, karibuni, mbona umenenepa, Mama Milembe, mchele wa Kahama unalipa. Wakacheka wote. Ukawekewa kibenchi chini ya turubai, ukatoa daftari, mkaanza na yeye.

Ukamuuliza akishaikamatisha dhahabu na zebaki, kile kidonge anakichomea wapi. Alijibu kwa kirefu. Ngoja nikupe jibu lake kama alivyolitoa, limekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Alisema, "Jikoni, kwani wapi kwingine? Nje kuna upepo, na nje kuna macho. Ukichomea nje, kabla haijapoa broka ameshajua ukubwa wake, mume ameshajua na shemeji ameshajua. Nasubiri tumekula, moto bado upo kwenye jiko, nafunga mlango, watoto wamelala pale pembeni, naweka kibati changu juu ya makaa. Moshi ukiisha, dhahabu ni yangu."

Wewe ukainua kalamu ukanitazama. "Anasemaje, Mama?"

"Nje," nikakuambia. "Mbali na nyumba."

Maneno mengi vile, nikakupa manne. Ulishangaa kidogo, nilikuona, ukauliza, "Ni hayo tu?" Nikasema Kisukuma kina mizunguko mingi.

Mama Kulwa Kiswahili cha sokoni anakijua. Mambo ya ndani mtu huyasema kwa lugha ya kwao, lakini "nje" na "jikoni" hakuna asiyezijua. Alinitazama kwa muda, halafu akatazama chini. Aliyefuata naye alikuwa amesikia. Akaanza kusema jikoni, akasita, akaniangalia, nikamalizia mwenyewe. Mchana wewe ukaenda kando kupokea simu. Hapo nikawageukia waliobaki nikawaambia wazi, mtoto anataka jibu la nje, msimchanganye. Ndiyo maana majibu yako kumi na manne yanafanana kama matofali. Mtahini wako mmoja aliandika hivyo, kwamba yanafanana mno. Ana akili yule bwana. Uliponisomea nilimchukia, sasa naona ana akili.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nilikuwa na sababu mbili, na ya kwanza utaicheka. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Mtihani ninaoujua una jibu la kupata na jibu la kukosa. Nikakuona na daftari lako, na kule chuoni kuna wazee wenye kalamu nyekundu, nikadhani "nje" ndilo jibu la kupata. Serikali inasema nje, mabango ya afya yanasema nje. Nilidhani nakupenyezea majibu. Sikujua kuna kusoma ambako jibu la aibu ndilo linalotafutwa.

Sababu ya pili si ya kucheka. Baba yako alipofuata machimbo mengine akanyamaza huko huko, nilibaki na wewe mgongoni na beseni mkononi. Nilichomea jikoni, Milembe. Chumba chetu kilikuwa kimoja, jiko na kitanda vinatazamana. Dirisha nililiziba kwa gunia ili mwanga usionekane nje. Na ulikuwa unakohoa. Nilipokusikia unakohoa nilidhani ni baridi, nikawa nakusogeza karibu na moto ule ule wa zebaki.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kwanza, nikanywa maji.

Mama Kulwa aliposema jikoni, sikumsikia yeye. Nilijiona mimi, na wewe umekaa mbele yangu na kalamu, mwanasayansi, unaandika. Nikasema kichwani, akiliandika hili leo, kesho ataniuliza, Mama, na wewe? Nikaziba kama nilivyoziba dirisha lile. Hata ulipokuja na mkasi mdogo kuomba nywele zangu za kupima, ulidhani nakataa kwa sababu nimetoka kusukwa. Zilikuwa na wiki tatu zile nywele.

Jumanne iliyopita nilikuambia nakwenda msibani Katoro. Hakuna aliyekufa, Mungu anisamehe. Nilikwenda mwaloni. Safari hii nilivaa kanga.

Niliwakusanya pale pale chini ya turubai nikaanza na mzunguko: hali ya hewa, bei ya mchele, mwanangu anavyowasalimu. Mama Kulwa akanikata. "Mama Milembe, umetoka Kahama kuja kutuambia mvua haijanyesha?" Ndipo nikasema. Nikasema kwa Kisukuma, chote, kwamba niliyachukua maneno yao nikayatupa, nikaweka yangu, na sasa mwanangu anaumia kwa ajili yake.

Nilitegemea wanifukuze. Mama Kulwa akaniuliza, taratibu kabisa, kama anauliza bei ya nyanya, "Na jiko lako wewe enzi zile lilikuwa wapi? Angani?" Wakaangua kicheko, Milembe, wanawake kumi na wanne, wengine wakajipiga mapaja kwa viganja. Mimi nikacheka nikiwa nalia. Nikajibu lilikuwa jikoni, tena mtoto mgongoni. Kicheko kikakatika. Kila mmoja pale alikuwa na mtoto wake wa mgongoni wa kumfikiria.

Halafu wakaanza kunigombeza kweli. Mmoja aliniambia nilivyosema "nje" alijiona mjinga, akadhani wanawake wote Tanzania wanachomea nje isipokuwa yeye, akarudi nyumbani hakumwambia mtu. Mwingine akasema binti yako alituahidi kuja kutuambia alichokikuta kwenye nywele zetu, na hajaja, kwa nini? Nilikuwa nalijua jibu: hukwenda kwa sababu vipimo uliviona vya makosa, na uliviona vya makosa kwa sababu yangu. Unaona jinsi uongo wa maneno manne unavyotembea. Wale wanawake wangekuwa wameshaambiwa, na badala yake kila wiki wanafunga mlango, wanachoma.

Mwisho wakakubali kusema upya. Lakini walitoa masharti, na nikayapokea bila kubishana, jambo ambalo unajua si kawaida yangu. La kwanza, mkalimani asiwe mimi. La pili, uwaambie walichonacho mwilini, wema na ubaya wake, hapo hapo, kabla ya kuwauliza lolote. La tatu wanaogopa: ukiandika jikoni, je, watu wa serikali watakuja kufunga mwalo? Wakifungiwa watakula nini? Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno kusema msiwe na wasiwasi, mwanangu ni mkubwa, atazungumza na wakubwa wenzake. Nikaumeza. Nikasema hilo mtamuuliza yeye na atawajibu mwenyewe. Nadhani ni sentensi ya kwanza ya unyenyekevu niliyowahi kusema mbele ya watu. Huyo mwalimu Kabula nimeshamwona, amekubali. Amenisema pia, lakini hilo tuliache.

Kuhusu watu wa hapa sokoni, usiwaogope. Ndiyo, nilitangaza sherehe. Nilipaka "Mama PhD Mchele Safi" kwenye ubao wa genge kabla hata hujapeleka kitabu, na wanawake wa kwaya wameshachagua kitambaa cha sare. Juzi nimewaambia bado. Mmoja akauliza kwa ile sauti yao ya huruma, "Kwani mtoto amefeli?" Nikamwambia mtoto hajafeli, mama yake ndiye aliyefeli, mtoto anarudishwa kusahihisha. Akashangaa, akaenda zake. Hata mimi nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu kusoma. Ninachokijua ni hiki cha kwangu tu: kila mara nilipokupamba, kuna mtu nilimfunga mdomo. Nilimfunga bibi yako, nikawafunga hawa, nikakufunga na wewe, maana ungeweza kumsikia Mama Kulwa mwenyewe bila mimi kusimama katikati. Ukifika mbele ya msimamizi wako utatamani kunipamba na mimi. Utatafuta neno laini, utasema "changamoto za tafsiri". Usifanye hivyo. Sema mkalimani alikuwa mama yangu na alidanganya. Andika hata kwenye kitabu. Najua itakuuma kwa sababu watauliza kwa nini ulimchukua mama yako, na watakuwa na haki. Huenda wakakuongezea miezi. Huenda wakasema mambo makali kuliko hayo, sijui taratibu zenu, na ndiyo maana naogopa. Lakini vipimo vyako vilisema kweli wakati sisi wote tumenyamaza. Uliukusanya ule udongo kwa mikono yako, jiko kwa jiko, na haukukudanganya. Usiufute kwa ajili ya maneno yangu.

Na hivi nitaingia kwenye tasnifu. Si kwa sura niliyoitaka, lakini nitaingia. Nisipojisifu hata kwa hilo utadhani barua imeandikwa na mtu mwingine.

Naiweka kwenye begi lako, juu ya ile sura ya vipimo, ndani ya bahasha ya kaki. Ukiifungua ndani ya basi na hasira zikakupanda, nipigie, nipigie hata kama abiria wanasikia. Ukinyamaza nitakuelewa pia. Jambo moja tu nakuomba uligawe mafungu mawili: hasira zako na mimi ni zetu sisi wawili, tutazimaliza au hatutazimaliza. Wale akina mama hawamo. Usije ukawakwepa wao ili unikwepe mimi.

Nasikia pikipiki inakata kona ya kwetu. Kama si wewe ni jirani, lakini nafunga.

Baada ya kuonana na msimamizi wako Jumatatu, una siku nne za kurudi huku. Mkutano na akina mama ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, uani kwa Mama Kulwa. Karasha zitakuwa zimezimwa. Mwalimu Kabula atakaa upande wako. Watakuja wote kumi na wanne, na mimi wa kumi na tano, kwenye benchi la wanaoulizwa.